Ng'ambo ya Kijito

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na sidhani itanitoka kabla sijaingia kaburini. Namwona mama yangu ameketi juu ya gunia, chini ya baraza la ghala pale mpakani Busia, nguo zimemganda mwilini kwa tope. Ameipa mgongo barabara, kwa sababu barabarani amesimama mkwe wake. Mkwe huyo ni babu yako, Wandera. Na mimi niko katikati yao, msichana wa kubeba maneno, nachukua ya huyu nampelekea yule.

Acha kwanza nikuambie kwa nini nakueleza leo. Jumapili ulikuja na ramani yako ya ujenzi, ukaitandaza juu ya meza yangu, ukaweka kidole kwenye lile bwawa kavu ambamo watoto huchezea mpira. Ukasema, "Nyanya, hapa pamekaa bure miaka yote. Tukipafukia tunapata nafasi ya maduka." Nilisukuma kikombe changu kando. Mama yako akadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka, nilikuwa nimekasirika mpaka chai ikanishinda kumeza. Angesema hivyo mtu mwingine ningemvumilia. Lakini wewe, mjukuu wa Wandera! Basi kaa, weka hiyo simu mfukoni, unisikilize mpaka nimalize.

Uhuru wa pande zote mbili ulikuwa bado mchanga. Mpaka ulikuwepo tangu zamani, ila sisi tuliuvuka kama mtu anavyovuka uwanja wa jirani kwenda kuomba chumvi. Kwetu kulikuwa upande wa Kenya, bondeni, ng'ambo ya kijito kidogo. Dada yangu Nabwire, ambaye ndiye nyanya yako mwenyewe, alikuwa ameolewa upande wa Uganda na Wandera, kijana wa Bulumbi aliyesoma, mchoraji wa ramani katika kampuni ya ujenzi iliyokuwa na ofisi Tororo. Walikaa Busia, karibu na kazi. Nabwire alipojifungua baba yako, Were, mama alinituma nikamsaidie kazi za nyumba. Ndivyo nilivyoingia katika mambo haya.

Kampuni ile ilikuwa imepewa kazi kubwa ya kujenga pale Busia, kwenye kilima kinachotazamana na kwetu. Yajengwe maghala, uwanja wa malori, soko, na safu za nyumba za wafanyakazi. Kabla ya hapo kilima chote kilikuwa nyasi, mihogo na ng'ombe wa watu. Mvua ikinyesha ardhi ilikunywa, kijito kikapanda kidogo, kikashuka, na maisha yakaendelea. Wandera ndiye aliyeambiwa achore maji ya mvua yatapita wapi kilima kikishajengwa.

Na alijua kazi yake. Hilo lishike vizuri, kwa sababu kila kitu kinasimama hapo. Jioni moja aliweka ramani mezani, akaibana pembe kwa vikombe vya chai, akaanza kunielekeza. Alisema paa la mabati halinywi maji, na uwanja wa malori ukishashindiliwa nao haunywi. "Maji yaliyokuwa yakishuka mchana kutwa," akaniambia, "sasa yatashuka yote kwa mpigo." Ndiyo maana chini ya kilima, kabla maji hayajafika kijitoni, alikuwa amechora bwawa pana. Halikuwa bwawa la samaki wala la kunyweshea ng'ombe. Lilikuwa shimo la kukaa kavu, linasubiri. Mvua kubwa ikija, mitaro yote ingemwaga humo, na maji yangetoka kwa bomba dogo kidogo kidogo mpaka bwawa likauke tena, likisubiri mvua nyingine.

"Hapa maji yatapumzika kwanza," alisema, "halafu yaende kwa mama kwa adabu."

Tulicheka wote. Nabwire akamwongezea nyama kwenye sahani, maana alijiona ameolewa na mtu mwenye akili na huruma pamoja.

Kisha akaja meneja wa kazi. Jina lake silitaji, sitaki kulitia mdomoni. Alikuwa mtu wa haraka, wa kutazama saa wakati unamsalimia. Aliitazama ramani akaona bwawa limekula nafasi ya malori. Akamwambia Wandera kijito si kipo, mtaro uende moja kwa moja huko. Wandera akauliza habari za wanaokaa ng'ambo. Meneja akamjibu kwamba ng'ambo ni nchi nyingine, na ramani yetu inaishia kijitoni.

Haya nayajua kwa sababu Wandera alitusimulia mwenyewe tukiwa mezani, anacheka kicheko cha pembeni. Nabwire akaacha kumnyonyesha mtoto.

"Baba Were, ng'ambo ni kwa mama."

"Najua."

"Ulimwambia hivyo?"

"Utamwambia nini mkubwa ambaye ameshaamua? Kijito kitajipanga chenyewe."

Kitajipanga! Mwanangu, kijito si askari wa gwaride. Mtu aliyekuwa amenifundisha kwa kinywa chake mwenyewe jinsi maji yanavyoshuka, leo ananiambia maji yatajipanga. Asubuhi yake akachukua kifutio, akalifuta lile bwawa, akachora malori mahali pake. Alichora vizuri sana, mpaka magurudumu.

Nikamwambia, basi, kama limeshindikana, twende tukamwonye mama ahamishe ghala lake la nafaka ya wimbi. Akanitazama kama niliyesema tusi. "Shemeji, unajua fika mimi siwezi kumkabili mama mkwe."

Nyinyi vijana wa leo mnakula na mama wakwe sahani moja, kwa hiyo lazima nikueleze. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mwenzake apite. Hawashikani mikono, hawali pamoja, mama hatamki jina la mkwe wake, wala hawezi kulala chini ya paa lake hata kama anaumwa. Wakiwa na la kuambiana, mama humpa mkwe mgongo, na mtu wa tatu hubeba maneno. Sina ugomvi na mila hiyo. Ina utamu wake, na imeokoa ndoa nyingi zisivunjwe na ndimi kali. Lakini mila ilimkataza Wandera kumtazama mama. Haikumkataza kutuma ujumbe. Na mjumbe alikuwa ameketi mbele yake, ana tonge la ugali mkononi! Alikuwa anatafuta tu mahali pa kujificha, akaiona heshima, akaingia humo akafunga mlango.

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mama uani anaanika wimbi. Nikamweleza yote, bwawa, mtaro, meneja na maneno yake ya nchi nyingine. Unajua alinijibu nini?

"Acha fitina, Auma. Mkwe wangu ni mtu wa adabu. Hawezi kuchora kitu cha kunidhuru."

Akaendelea kugeuza wimbi lake kwa kiganja. Majirani waliosikia wakaniona msichana wa kisirani, mwenye wivu na ndoa ya dada yake. Mama alikuwa akimsifu Wandera mpaka kwenye chemchemi mbele ya wanawake wote, kwamba katika wakwe wa kijiji kile, wake ndiye anayejua kuinamisha kichwa. Imani ile ya mama ndiyo inayoniuma hadi leo kuliko ukuta ulioanguka baadaye.

Maghala yakaezekwa, uwanja ukashindiliwa, mtaro ukachimbwa mnyoofu kutoka juu mpaka kijitoni. Masika yakaingia. Mchana mmoja mawingu yakajikusanya upande wa ziwa, na mvua ikaanza na mawe. Nilikuwa barazani kwa Nabwire, nimembeba baba yako. Niliona mapaa yote yakimwaga kwa pamoja, uwanja wa malori ukageuka maji matupu, na mtaro ukajaa maji mekundu yanayoshuka kama lori lililokatika breki. Nilipiga kelele kumwita mama, kana kwamba angenisikia kule bondeni.

Mvua yenyewe haikuzidi nyingine tulizozizoea. Watu wazima wote wa bondeni walisema hivyo. Lakini kijito kilichokuwa kikitufika magotini kilivuka ukingo, kikaingia uani kwa mama. Kikachukua ghala la wimbi, kikachukua jiko na kuku, kikaukata ukuta wa nyumba upande wa chini mpaka paa likalala. Chemchemi ya kijiji, tuliyochota tangu enzi za nyanya zetu, ikafukiwa na murramu, ule udongo mwekundu wa kushindilia, iliyotoka kwenye uwanja wa malori. Majirani walimtoa mama akiwa amekumbatia kibuyu cha mbegu. Hakuna aliyekufa, kwa rehema za Mungu, si kwa rehema za meneja.

Kulipokucha mama akavuka. Ndugu zetu wa bondeni nao walikuwa wamejaa maji, kwa hiyo akaja upande aliko binti yake. Lakini binti yake anakaa kwa nani? Kwa mkwe. Nabwire alilia mlangoni, "Mama, ingia tu, Mungu ataelewa." Mama akakataa. Akapita pale mlangoni, akatafuta baraza la ghala mojawapo la kampuni, akatandika gunia, akaketi. Akalala hapohapo, na siku iliyofuata, na nyingine tena. Fikiria, mwanangu. Paa lililommwagia maji ndilo lililobaki la kumsitiri.

Na babu yako? Kila asubuhi alizungukia nyuma ya soko, kofia ameishusha mpaka puani, asije akakutana na mama mkwe. Wafanyakazi wakawa wanamsifu! "Tazama, mtu amesoma namna hii na bado anashika mila." Nilitamani kuwarushia sufuria. Heshima gani hiyo ya kumzunguka mzazi kwa nyuma huku analala kwenye saruji kwa sababu yako? Nilimchukia, nakuambia ukweli. Nilimpikia chai yake bila sukari makusudi, na aliinywa mpaka tone la mwisho, kwa hiyo nikajua naye analijua kosa lake.

Mwishowe Nabwire akagoma kumpikia kabisa. Hapo ndipo Wandera alipopata miguu. Akanichukua tukaenda mpaka mbele ya ghala, akasimama barabarani, mama akageukia ukutani kama desturi. Wachuuzi na wapagazi wakaacha kazi wakatazama.

"Mwambie mama nimesikitika sana," akaniambia. "Mwambie mvua ni kazi ya Mungu."

Nikayapeleka kama nilivyoyapokea, ingawa yalinichoma mdomo.

Mama akajibu taratibu. "Mwambie mkwe nimesikia. Halafu mwulize kama Mungu alibadilisha mvua mwaka huu."

Nikarudi kwa Wandera. Akajikuna shingo. "Mwambie kilima sasa kina majengo. Maji huongezeka. Ni kawaida."

"Mwulize," mama akasema, "kama alijua yataongezeka."

Hapo Wandera akatazama viatu vyake. Kabla sijafungua mdomo, akajibu mtu mwingine kabisa. Alikuwa Othieno, nyapara wa wachimbaji, mtu wa Paya, pande la mtu lisilojua kunong'ona. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anamtetea rafiki yake.

"Mama, huyu bwana hana makosa. Yeye nachora shimo kubwa ya maji hapahapa, hapa malori nasimama. Sisi nachimba, nafika kifua. Halafu mkubwa nakuja, nasema fukia. Sisi nafukia. Huyu bwana nasimama pale, nanyamaza tu."

Hata mimi hilo sikulijua. Nilidhani bwawa lilifutwa kwenye karatasi tu. Kumbe lilikuwa limeshachimbwa, na Wandera alisimama ukingoni akatazama linavyofukiwa.

Mama akashika ukuta, akasimama. Kisha akageuka.

Sijui nikueleze vipi ukubwa wa jambo lile. Wanawake walijifunika nyuso kwa leso. Mzee mmoja alitema mate chini akaondoka zake, hakutaka kushuhudia. Othieno akavua kofia. Wandera alikuwa anatafuta njia ya kukimbilia, na mama akamwita kwa jina, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu siku ya posa.

"Wandera. Simama hapo. Nitazame."

Akasimama. Kichwa kikainuka polepole mpaka macho yao yakakutana.

"Ungekuwa hujui, ningekusamehe nikiwa nimekupa mgongo, na mambo yangeisha. Lakini ulijua. Mtoto wangu alikuja kuniambia nikamwita mfitini kwa ajili yako. Miaka yote hii nakugeuzia mgongo nikidhani nakupa heshima, kumbe nakupa pa kujificha. Leo sina nyumba, sina wimbi, na kijiji hakina maji ya kunywa. Ni kweli mkubwa wako alikuambia ng'ambo ni nchi nyingine?"

"Ni kweli, mama."

"Basi itazame vizuri. Ng'ambo ndiyo mimi."

Hakuongeza neno. Akaketi tena juu ya gunia lake, na safari hii uso wake ulibaki barabarani.

Siku ileile babu yako alipanda lori la kokoto mpaka Tororo. Alimwambia meneja kwamba hatachora mstari hata mmoja wa nyumba zilizobaki mpaka bwawa lirudi mahali pake. Meneja akamtukana, akamwambia wachoraji wamejaa tele Kampala. Wandera akaweka rula mezani, akarudi nyumbani, akakaa. Tulikula muhogo mtupu siku zile, lakini Nabwire alimpikia kwa moyo wote, na mimi nikamrudishia sukari yake.

Wazee wa bondeni nao hawakungoja. Walivuka, wakaungana na wa upande wa Uganda waliokaa chini ya kilima, wakaenda kuketi katikati ya uwanja wa malori. Wasamia na Wateso, wa huku na wa kule, na hakuna aliyemwuliza mwenzake karatasi. Malori yakakosa pa kupita. Meneja alipiga honi mpaka akachoka, kisha akakubali bwawa lirudi, akatuma mtu akamwite Wandera. Othieno akachimba shimo lake mara ya pili. Nilimsikia akiwaambia vijana wake, "Safari hii mkubwa nasema fukia, mimi nalala ndani."

Mama akajenga upya, juu zaidi. Lakini usije ukaniambia yaliisha vizuri, maana hayakuisha vizuri. Chemchemi haikurudi. Tuliichimbua tukaambulia matope, na wanawake wa kijiji chetu wakaanza kwenda mbali kuchota maji. Mpaka leo wanakwenda mbali. Kila nikiwaona na madumu yao damu inanichemka upya, kwa ajili ya nafasi ya malori machache.

Masika yaliyofuata yalipoleta mvua kubwa, mama alivuka akaja kusimama ukingoni mwa bwawa, amejifunika gunia kichwani. Wandera alikuwa amesimama ukingo wa pili. Maji yakashuka kwa mitaro yote, yakaingia bwawani, yakajaa, yakazunguka, halafu yakawa yanatoka kwa lile bomba dogo taratibu. Kijito kilipanda kidogo, hakikuvuka. Mama alitazama mpaka akaridhika. Kisha akamtazama Wandera, akageuka polepole, akampa mgongo. Babu yako alilia palepale mvuani, mtu mzima na kofia yake mkononi. Alijua amerudishiwa kitu ambacho hakuwa na haki ya kukidai.

Sasa nakuja kwako, mwanangu. Mimi si mama mkwe wako, kwa hiyo nakutazama usoni bila haya. Shimo lile halijakaa bure. Kukaa kavu ndiyo kazi yake, ili siku ya mvua liwe na nafasi, na siku hiyo wewe utakuwa ndani unakunywa chai wala hutaliona likifanya kazi. Ukilifukia, maji hayatakosa pa kwenda. Yatakwenda kwa mtu, na mtu huyo ana jina. Kwa hiyo kabla hujachora tena, shuka kwa miguu yako, vuka kijito, uwajue wanaokaa kule, uwaulize wanachota wapi maji yao. Ramani yako ikiishia mpakani, ongeza karatasi. Ukijenga maduka yako, jenga, sikukatazi, lakini maji ya mapaa yako yapumzike kwako kwanza. Na mkubwa akikuamuru ufute kitu unachojua ni cha kweli, usiniletee hadithi za adabu, wala za kazi, wala za kwamba ameshaamua. Sema mapema, sema kwa kinywa chako, sema kabla udongo haujarudishwa shimoni.

Mungu akuongoze mkono unapochora, na akupe ulimi usiokauka mbele ya wakubwa. Akujalie mke mwema kama Nabwire, na mama mkwe atakayekupa mgongo kwa heshima ya kweli. Na siku ngurumo zitakapoanza upande wa ziwa, mtu wa bondeni asiyekujua kwa sura akikumbuka kwamba ni wewe uliyechora kilima kile, ajifunike shuka lake vizuri, alale.